Dashibodi ya Mjomba Muharami

Jumapili, 10 Agosti

Nimetukanwa na kamati nzima. Gari langu limetukanwa pamoja nami. Naandika kwa hasira. Dada yangu Fadhila anasema si hasira, ni kahawa.

Ukweli uwekwe wazi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Jumamosi ijayo mpwa wangu Nusrat anaolewa. Baba yake alifariki mtoto hajaanza kutambaa. Fadhila akarudi hapa Mabatini na mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo mimi Muharami, muuza vitabu vya mitumba, kapera kwa hiari yangu (wanawake wa Mwanza waliogopa vitabu), ndiye niliyempeleka Nusrat kliniki, chekechea, shule ya msingi na sekondari. Kwa gari lile lile. Subira. Alipokuwa darasa la pili aliniuliza siku akiolewa atapelekwa na nani. Nikasema na mimi, kwa Subira. Tukapeana mikono. Mkataba ni mkataba!

Bwana harusi ni Bashiru, mwalimu wa Nansio. Kwa hiyo bibi harusi atatoka hapa kwa gari hadi bandarini, apande meli, aende Ukerewe, akae huko. Ni safari moja tu iliyobaki. Naitaka.

Leo kamati imefika kwenye ajenda ya magari. Mwenyekiti ni Bi Dorcas, nesi mstaafu, sauti ya kuamshia wodi. Akatangaza kwamba Pius mpiga video atakaa kiti cha mbele njia nzima, anase kilio cha bibi harusi, na kilio kisikike vizuri. Kisha akatoa simu, akawasikilizisha wajumbe sauti aliyoirekodi alipopanda Subira wiki iliyopita. Mjumbe mmoja akauliza kama ile ni mashine ya kusaga. Mwingine akauliza inasaga sembe au dona.

Ni dashibodi. Inacheza kidogo. Barabara ya lami inanong'ona, barabara ya mawe inapiga kelele, na Mabatini yote ni mawe. Kosa la nani? La dashibodi?

Hapo akasimama Luhaga. Jirani wa ng'ambo ya barabara. Muuza magodoro. Mtu ambaye hajapata kumaliza kitabu chochote isipokuwa kitabu cha nyimbo za kwaya. Akatabasamu, akanipa shikamoo mbele za watu, wakati tumezaliwa mwaka mmoja! Akasema gari lake jipya lipo, lina kiyoyozi, halina kelele, na kama itampendeza mjomba basi yeye yuko tayari. Kama itanipendeza!

Nikasimama na mimi. Nikazungumza juu ya taifa linalotupa vitu vyake vya zamani. Nikazungumza juu ya plastiki. Nikazungumza juu ya watu wanaolipima gari kwa sauti na binadamu kwa rangi ya gari lake. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia karne iliyopita Bi Dorcas alipopiga meza akasema mjomba kaa chini, pilau inapoa.

Uamuzi: Ijumaa Subira atakaguliwa. Akilia, bibi harusi anapanda gari la Luhaga.

Hatalia.

Jumatatu, 11 Agosti

Mpango wa kwanza. Rahisi, kama mipango yote mikubwa.

Kitu kinacheza kwa sababu kuna nafasi. Ondoa nafasi, umeondoa mchezo. Hii ni falsafa. Nilihitaji kitu cha kujaza nafasi kati ya dashibodi na kioo cha mbele, kitu kigumu lakini chenye utu. Nikachukua nakala za makala zangu zote ambazo wahariri wa magazeti, kwa woga, hawakuzichapa. Lundo zuri. Nikazikunja na kuzisokomeza pale kwenye ufa, kutoka mlango hadi mlango. Ikakaza! Nikaigonga dashibodi kwa ngumi, ikajibu kama meza ya hakimu.

Nikatoka nayo barabara ya Mkolani. Lami yote, kimya. Nikaimba. Nikashusha vioo ili watu wasikie nisivyosikika.

Tuta la kwanza likazitoa makala zote kwa mkupuo mmoja. Nilidhani kuku kaingia garini. Upepo ukafanya kazi ambayo wahariri walikataa: ukazichapisha. Karatasi hadi kwenye vibanda vya nyanya. Mama mmoja akafungia mteja wake vitunguu kwa uchambuzi wangu wa elimu ya juu.

Na ukurasa mmoja, katika barabara nzima yenye magari yote hayo, ulikwenda kutua kwenye kioo cha nani? Cha Luhaga, aliyekuwa nyuma yangu. Jioni akaja mlangoni, shikamoo, akanirudishia ukurasa umenyooshwa vizuri. Akasema ameusoma wote. Akasema kuna sehemu hakuielewa lakini hasira yake ameielewa.

Usingizi hauji.

Jumanne, 12 Agosti

Fadhila ameuliza kwa nini nisimpeleke Subira kwa fundi. Swali la kichokozi. Anajua fika kwamba kutoka hapa hadi Mkolani hakuna fundi ambaye hatujagombana naye. Mmoja kwa sababu ya siasa, mmoja kwa sababu ya sarufi ya bango lake, waliobaki kwa sababu walikuwa marafiki wa hao wawili.

Mpango wa pili, basi. Kufungua dashibodi yote mwenyewe na kuikaza upya. Kazi ya bisibisi. Binadamu ndiye aliyeifunga, binadamu ataifungua.

Imefunguka kwa urahisi wa kutisha. Ndani kuna nyaya za rangi zote, kama nywele za binti anayetafuta umaarufu. Nimekuta huko ndani kalamu ya Nusrat ya shule ya msingi, kitana, na ganda la karanga. Nimevisafisha nikavirudisha, sijui kwa nini.

Nusrat mwenyewe akaja na chai. Hina bado iko kwenye majani, hajaanza kupakwa. Akakaa kiti chake cha mbele na kuweka sikio juu ya dashibodi iliyolegea, kama alivyokuwa akifanya asubuhi za shule tukipanda kilima, akijifanya anasinzia ili nisimuulize majedwali ya kuzidisha. Nikamwambia aondoke, atachafuka. Akasema mjomba, achana nayo, acha ilie. Nikamwambia bibi harusi wiki ya harusi hashauri mambo ya ufundi. Akacheka, akaondoka, akasahau kikombe juu ya bonati.

Kufunga. Hapa historia inanionea. Skrubu nilizozitoa hazikurudi zote. Nilizitafutia matundu, matundu yakawa yameisha. Nikazitia kwenye kikombe tupu cha Nusrat ili nizitafakari baadaye. Fadhila akakichukua kikombe na kummiminia chai mgeni, shangazi mmoja wa kutoka Mabatini ya juu. Shangazi kaenda na maoni mabaya juu ya sukari yetu.

Matokeo ya jaribio: dashibodi inalia mara mbili ya jana. Zaidi ya hapo, nikipiga indiketa ya kushoto, wipa zinaamka. Nikipiga ya kulia, hakuna kitu. Sasa nakata kona za kushoto tu. Nimefika nyumbani kwa njia ndefu.

Jumatano, 13 Agosti

USHINDI! Naandika kwa herufi kubwa na naomba vizazi vijavyo visome kwa herufi kubwa.

Asubuhi nilikwenda soko la samaki la Mwaloni kwa Chenge, tuliyesoma naye, muuza dagaa. Nilikwenda kulalamika tu. Alinisikiliza akiwa ameegemea rundo la nyavu kuukuu, na wakati nalalamika macho yangu yakatua kwenye zile nyavu. Laini. Zinakunjamana. Zinaingia popote. Hazichaniki wala haziruki na upepo. Ziwa zima limeshindwa kuzitikisa, itakuwa dashibodi?

Nikamwomba. Chenge akasema chukua, lakini hizi zimevua dagaa maisha yao yote. Nikamwambia vizuri, zina uzoefu.

Mchana kutwa nimezipakia nyuma ya dashibodi, kila pembe, kila tundu, nyuma ya redio, chini ya usukani, pembeni mwa mabomba ya hewa. Nikafunga. Nikawasha gari. Nikapanda vichochoro vya mawe ambavyo hata mbuzi huvifikiria kwanza.

Kimya.

Sikuamini. Nikasimama, nikarudi nyuma, nikapanda tena. Kimya! Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya pamoja nikasikia injini ya Subira. Si injini nzuri, lakini nikaisikia.

Nikapita mbele ya duka la Luhaga pole pole, nikarudi, nikapita tena. Alikuwa anapima godoro. Akanipungia mkono. Hakuelewa. Ushindi mkubwa hauhitaji kueleweka.

Jioni paka mmoja amekuja kukaa juu ya bonati. Hata wanyama wanautambua utulivu.

Alhamisi, 14 Agosti

Paka wameongezeka. Wamelizunguka gari kama wajumbe wa kamati. Fadhila alipita, akanusa, akauliza kama nimenunua dagaa. Nikamwambia ni upepo wa ziwani. Akasema upepo wa ziwani haujawahi kuja na kichwa na mkia.

Nimeacha vioo wazi. Harufu ni jambo la muda. Hoja ni kelele, na kelele imekwisha.

Hata hivyo, jemadari mzuri hasherehekei kabla adui hajavua viatu. Nimejiuliza: Subira akiwa kimya na gari la Luhaga likiwa kimya, kamati itachagua lipi? Itachagua jipya. Naijua hii nchi. Kwa hiyo haitoshi mimi kunyamaza. Inabidi yeye alie.

Si ubaya. Ni kusawazisha.

Saa ya mazoezi ya kwaya Luhaga aliliosha gari lake mbele ya nyumba, akalifungua milango yote lipunge hewa, kisha akavuka barabara kuja kwangu. Shikamoo. Akaniomba nimtupie jicho kidogo, yeye anakimbilia kanisani, watoto wa mtaa huu ni watundu. Akasema hana anayemwamini zaidi yangu.

Binadamu wa namna hii ni mzigo mzito sana kwa dhamiri. Lakini dhamiri yangu imezoea mizigo, imesoma.

Barazani kulikuwa na ungo wa choroko. Fadhila alikuwa akichambua za mboga ya Jumamosi, akawa ameingia ndani kidogo. Nikachota. Ngumu, ndogo, za mviringo: sauti kamili. Juu ya dashibodi ya gari la Luhaga, pale chini ya kioo, kuna ule mwanya mrefu wa kupitishia hewa. Nikamimina taratibu. Zikashuka ndani zikiimba kama mvua kwenye bati. Nikachota tena. Mara ya mwisho nilichota kwa sababu tu ya kupenda ule mlio.

Nilipomaliza nikafunga milango vizuri, nikafuta alama za vidole, nikalichunga gari mpaka mwenyewe aliporudi. Sijavunja ahadi. Watoto hawakuligusa.

Fadhila analalamika choroko zimepungua. Nimewataja kuku. Akasema hatuna kuku. Nimewataja wa jirani.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya ukaguzi. Naandika kwa ufupi kwa sababu maneno makali nimeyamaliza mchana.

Baada ya swala, jua la utosi, Bi Dorcas akaja na Pius na kamera yake. Mtaa mzima nje. Luhaga pia, mikono nyuma, mpole kama kaburi. Nikawafungulia milango. Paka mmoja akatoka. Nikasema ni wa jirani.

Tukaenda. Vichochoro, mawe, matuta, makorongo. Kimya! Pius akarekodi, akarudisha nyuma, akasikiliza kwa visikilizio, akaapa kwamba hajapata kusikia gari la namna hii likinyamaza namna hii. Nikamtazama Bi Dorcas kwenye kioo. Nilisubiri sifa. Bi Dorcas alikuwa ametoa kichwa chote nje ya dirisha.

Nikasema pengine joto. Nikafungulia feni.

Kosa la kihistoria. Hewa ikapita katikati ya nyavu za Chenge na kutuletea asubuhi yote ya Mwaloni usoni. Pius akafunika kamera kwanza, kisha pua. Bi Dorcas, ambaye amefanya kazi wodi ya upasuaji miaka yote, akaomba ashushwe. Akarudi kwa miguu.

Mbele ya watu akatoa uamuzi. Gari la mjomba kweli halilii, akasema, lakini sasa linanuka. Tukimpandisha bibi harusi humu, watu wa Nansio watadhani tumewaletea mzigo wao wenyewe wa dagaa. Watu wakacheka. Hata watu wangu. Akasema bibi harusi anapanda gari la Luhaga, nalo halihitaji kukaguliwa, ni jipya.

Nilimwona Nusrat dirishani, hina hadi viwiko, hacheki na wenzake. Nikaingia chumbani.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Luhaga alibisha hodi. Shikamoo. Akasema amefikiri. Akasema gari ni chuma tu, lakini anayempeleka binti ni mjomba, na yeye hawezi kukaa kwenye usukani huo hali mimi nipo. Akaweka funguo mezani. Akasema wewe ndiye utakayemwendesha, jirani. Kwa gari langu, lakini kwa mkono wako. Akaondoka kabla sijapata tusi.

Nimezitazama funguo.

Nusrat nitampeleka. Mkataba umesimama.

Kisha nikakumbuka choroko.

Nilitoka mbio. Gari lilikuwa tayari mikononi mwa akina mama wa mapambo. Maua kuanzia bonati hadi buti, utepe kwenye vioo, na juu ya dashibodi kitambaa cheupe kimebandikwa kwa gundi. Nikaomba niingize mkono kidogo. Wakauliza ninatafuta nini. Mtu aliyesoma akiulizwa swali la moja kwa moja huanza na utangulizi. Wakanifukuza kwa ufagio.

Jumamosi, 16 Agosti

Nikaha imepita asubuhi. Bashiru alijibu kwa sauti imara. Fadhila alilia, nikamkemea, nikaenda nyuma ya choo kuangalia kitu.

Mchana msafara. Mbele matarumbeta juu ya pikapu, kisha sisi. Mimi kwenye usukani wa Luhaga, kanzu imepigwa pasi, nimenyooka. Pius kando yangu na kamera. Nyuma Nusrat ndani ya shela na shangazi yake wa skrubu. Luhaga na Fadhila wako gari la nyuma yetu. Subira anaendeshwa na Chenge, mwisho kabisa, amebeba masufuria; nyuma yake paka.

Nilianza kwa mwendo wa mgonjwa. Labda hazitalia. Labda zimeshuka mahali pa salama. Labda Mungu ni msomaji.

Jiwe la kwanza. Taratatatata.

Pius akashusha kamera, akanitazama. Jiwe la pili. Taratatatatatata! Hii haikuwa Subira. Subira alikuwa mtu mmoja anayelalamika. Hili lilikuwa baraza la madiwani. Shangazi akauliza gari jipya lina nini. Nikasema ni la teknolojia. Jasho likanitoka mpaka kofia ikaelea. Nikawaza: umemharibia. Ulikuwa na safari moja, Muharami, na umeijaza choroko.

Nusrat alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Pius alikuwa na kazi ya kunasa kilio chake na hakuwa amekipata, binti alikuwa ameshikwa na ule ukimya wa mabibi harusi, ambao ni mbaya kuliko kilio. Sasa nikasikia kitu nyuma yangu. Nikadhani ndicho. Nikatazama kwenye kioo.

Alikuwa anacheka. Shela inatikisika. Akasema mjomba, kilima cha shule! Kisha akacheka na kulia kwa pamoja, kwa sauti ya darasa la pili, na Pius akaruka na kamera kama aliyeona sangara akijirusha mwenyewe ndani ya mtumbwi.

Ningekomea hapo. Lakini Pius, kwa furaha, aliona joto, akabonyeza kitufe cha kiyoyozi, akakipandisha mpaka mwisho.

Choroko zikatoka. Mvua ya mawe. Kupitia matundu ya katikati, ya pembeni, ya chini. Kwenye kamera, kwenye kanzu, kwenye shela, kwenye mdomo wa shangazi ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaufungua kuuliza swali. Mimi nikaendelea kuendesha. Nahodha haachi usukani.

Bandarini watu wa Nansio walikuwa wamepanga mstari. Nikamfungulia Nusrat mlango. Alipotia mguu nje, choroko zikamiminika kutoka kwenye mikunjo ya shela na kutawanyika miguuni pa wakwe. Nikajaribu kuzifunika kwa upindo wa kanzu.

Ndipo bibi yake Bashiru, mzee aliyepinda kama ndoana, akainama, akaokota moja, akaitazama juani. Akawauliza wenzake kama wameona. Akasema watu wa Mabatini wana adabu. Hawamtoi mtoto mikono mitupu, wanamtoa na mbegu. Akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Nansio kabla ya meli. Wote wakapokea. Akina mama wakatandika khanga chini na kuanza kuokota, wakisema zitapandwa, zisipotee hata moja. Bi Dorcas akanijia, akanishika mkono kwa heshima, akanong'ona kwamba kumbe nilikuwa na jambo langu na ningeiambia kamati mapema.

Nikainamisha kichwa. Nikasema mambo ya mila hayatangazwi.

Luhaga alifurahi kuliko wote. Akasema gari lake limepata baraka. Fadhila aliokota choroko moja begani kwangu, akaigeuza, akanitazama. Aliwahi kunitazama hivyo tulipokuwa watoto na asali imekwisha.

Kabla ya kupanda Nusrat akanivuta kando. Akauliza niliwezaje kuuhamisha mlio wa Subira mpaka kwenye gari la watu. Akasema tangu jana aliogopa kwamba ataondoka nyumbani kwa gari lisilosema chochote. Nikamwambia mjomba hapangi kazi ya siku moja. Akaniwekea sikio kifuani, kidogo tu, kama kwenye dashibodi, kisha akapanda.

Bandari ile ina vumbi sana. Wahusika walitazame suala hilo. Nilisimama mpaka meli ikawa ndogo kama ganda la karanga.

Jumapili, 17 Agosti

Chakula cha mchana: choroko. Nikauliza kama kuna kitu kingine. Fadhila akasema waulize kuku.

Jumamosi, 23 Agosti

Wiki nzima choroko. Nakula kwa ujasiri.

Habari za ng'ambo: Nusrat amepiga simu. Bibi yake Bashiru amezipanda zile mbegu nyuma ya nyumba yao na zimechomoza zote. Wameviita vichipukizi kwa jina langu, Shamba la Mjomba. Nimemwambia hivyo ndivyo nilivyokusudia.

Habari za jirani: leo Luhaga amevuka barabara, uso umebadilika. Shikamoo. Akaniomba nije nione kitu, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa mtaa. Nikaenda. Ndani ya tundu la hewa la gari lake, upande wa abiria, kumetoka majani mawili ya kijani. Mororo. Yanatafuta jua. Tundu la pili, mengine. Anaosha gari kila siku huyu mtu, na kiyoyozi nacho kinadondosha maji; angefanya kilimo cha umwagiliaji angetajirika.

Umati ulikuwepo. Nikatoa maelezo kwa kirefu juu ya udongo, unyevu, na kiburi cha magari mapya. Walisikiliza mpaka mwisho. Ni mara ya kwanza mtaa huu kunisikiliza mpaka mwisho! Luhaga akauliza ang'oe au aache. Nikamwambia ang'oe, baraka ikizidi inakuwa magugu.

Kisha akashusha sauti. Akasema choroko zilizobaki ndani bado zinalia, na tangu Jumamosi ya harusi dashibodi yake imelegea, labda kwa yale mawe. Mafundi wa Mkolani wanamzungusha. Akasema amesikia kwa Pius mwenyewe kwamba hakuna mtu Mwanza hii anayejua kuinyamazisha dashibodi kama mimi. Akauliza kama ningekubali kumsaidia, jirani kwa jirani.

Nimemtazama. Mtu aliyenipa funguo zake. Mtu asiyenidhania baya. Hata adui ana haki ya kufaidi elimu. Nimekubali. Nimemwambia aje Jumatatu, aache gari na milango wazi.

Fadhila amesikia kutoka barazani, akashika kichwa. Amesema Muharami, ndugu yangu, hujajifunza kitu? Swali la kitoto. Nimejifunza sana. Nimekaa na kuchunguza kwa kina kilichokwenda kombo, hatua kwa hatua, bila upendeleo, na nimeliona kosa liko wapi. Kosa halikuwa nyavu. Kosa lilikuwa dagaa.

Nimeshamtuma mtu kwa Chenge. Safari hii aniletee nyavu za sangara. Sangara ni samaki mkubwa, mwenye heshima zake. Hana harufu.